Siku ya Tatu ya Mgeni

Wahenga walitwambia kwamba mgeni ni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu twautumia usemi huu kumsuta mgeni mvivu. Lakini una upande wa pili, nao ndio unaonishughulisha: je, mwenyeji asiyempa mgeni wake jembe kamwe, amemheshimu au amemfungia mlango?

Suala hili hunijia kila ninapofikiri juu ya walimu wageni nchini Japani. Tangu mwaka 1987 serikali ya huko imekuwa ikialika vijana wa mataifa mengine, wengi wao wasemao Kiingereza, wawe wasaidizi wa walimu wa lugha. Afikapo shuleni, mgeni hupokewa kwanza na kabati la viatu. Kila mwanafunzi na kila mwalimu ana mahali pake humo, na viatu vyake vya kuvaa ndani. Mpita njia hupewa sapatu za wageni. Kipindi kikianza, darasa zima husimama na kuinama pamoja. Katika shule za msingi, watoto hujivika aproni nyeupe wakapakua chakula cha mchana, na mwalimu akala nao darasani. Kisha huja saa ya usafi, wanafunzi wakafagia na kupiga deki, na walimu wao wamo.

Fumbo ni hili. Mgeni akishika vijiti vya kulia, husifiwa. Akitamka salamu kwa Kijapani, husifiwa. Hata akikaa miaka kumi, anayekutana naye leo aweza kumsifu tena kwa vijiti vile vile. Sifa hizo hazina dhihaka. Lakini nani amsifuye jirani yake kwa kujua kula? Naelewa kwa nini mtu wa namna hiyo aweza kuufurahia ufagio kuliko sifa.

Hata hivyo, lawama si ya mwenyeji peke yake. Lafcadio Hearn, aliyezaliwa Ugiriki mwaka 1850, alifika Japani mwaka 1890 akafundisha Kiingereza mjini Matsue. Huko alimwoa Koizumi Setsu, na mwaka 1896 akawa raia kwa jina la Koizumi Yakumo. Yeye hakungoja jembe aletewe. Mkewe alimsimulia ngano za kale, naye akaziandika, na hata leo Wajapani huzisoma kama mali yao.

Nasi tusijifanye wema kupita wengine. Nilipokuwa sekondari, tulifundishwa hisabati na mwalimu kijana kutoka Japani. Alidhani shikamoo ni salamu ya watu wote, hivyo kila asubuhi alituamkia sisi wanafunzi, nasi kwa utundu tukaitikia marahaba kwa sauti moja. Walimu wenziwe walisikia, wakatabasamu, wakamsifu kwa Kiswahili chake kizuri. Ikawa hivyo karibu mwaka mzima.

Aliyemtoa gizani ni mpishi wa shule, mzee asiyepata kuingia darasani. Alimwita jikoni akamwambia, “Wewe ni mwanangu, nami sipendi mwanangu achekwe. Wale ni watoto. Wao ndio wakuamkie.” Mwalimu alinyamaza kitambo, kisha akainama hadi kiunoni: “Shikamoo, mzee.”

Kesho yake aliingia darasani asiseme neno. Alisimama mbele yetu akangoja. Tuliinamisha vichwa, hata mmoja wetu aliyekaa nyuma akainuka na kumwamkia, na sote tukafuata. Hakutuadhibu, aligeukia ubao akaandika tarehe.

Tangu siku hiyo, jioni, tulimwona ameketi kigodani mlangoni pa jiko, ungo magotini, akichambua maharage. Sisi tuliomsifu mwaka mzima hatukuwa tumemwalika hata kikombe cha chai. Yule mzee alimkaripia kila alipoacha mawe, naye alicheka, akaanza upya.