Udenda wa Mbwa: Twahara Yake na Hatari Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni zake Mwenyiezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Wakulima Waislamu wa Chidya, na wa Masasi mpaka Newala, wengi wao hufuga mbwa, kwani nguruwe mwitu na nyani hawaliachi shamba la mihogo lisilo na mlinzi. Katika jambo hili hawana lawama. Hadithi imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Na Sura ya Al-Maida, aya ya 4, imehalalisha windo la mbwa aliyefundishwa. Alaumiwaye ni mwenye kumfuga pasipo haja.

Lakini mate ya mbwa, katika madhehebu ya Imamu Shafii, ni najisi nzito. (Imamu Malik ameona vingine, basi amfuataye asitukanwe.) Chombo kilichorambwa huoshwa mara saba, mara moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi, kama ilivyopokewa na Abu Huraira katika Sahihi ya Muslim.

Hapo ndipo penye malalamiko ya wanawake. Juu ya uwanda wa Makonde hapana mito. Ardhi hunywa mvua yote, na tangu zamani maji yakitekwa bondeni na kupandishwa kichwani. Mama aliyetoka alfajiri akarudi na mtungi mmoja, akiambiwa mara saba, hudhani ameambiwa aumwage mtungi mzima. Sivyo. Sharia haikutaja kipimo. Yatosha maji yaenee palipopatwa na kutiririka, na kwa sufuria ndogo kata moja moja haba hutosha. Ugali ukirambwa, huondolewa palipoguswa na pambizoni mwake, nao uliobaki huliwa. Mbwa mkavu akigusa nguo kavu, hapana la kuosha. Na mwenye kumtengea mbwa kigae chake cha kulia amejipunguzia taabu yote hiyo.

Yuko na mbwa ambaye udenda humtoka kupita kiasi. Huyu asipigwe kabla ya kutazamwa. Huenda ni jua. Na apelekwe kivulini apewe maji, kwani imepokewa kuwa mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake alisamehewa dhambi. Huenda jino limeoza, au ameuma chura, au amekula sumu, au mfupa umemkwama.

Lakini mtu asitie mkono kinywani mwake kuutafuta mfupa huo. Kichaa cha mbwa nacho huonekana hivyo hivyo: koo hupooza, mate hayamezeki, sauti hubadilika, mpole akauma na mkali akajificha. Na ugonjwa umo ndani ya mate yale yale. Mbwa huyo atengwe, aitwe bwana mifugo. Mbwa wazima nao wachanjwe kila mwaka.

Aliyeumwa, au aliyerambwa penye mchubuko, aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yatiririkayo, muda wa robo saa. Hapa maji yasifanyiwe ubahili, hata kama ni ya mwisho nyumbani. Wala asisugue udongo ndani ya jeraha kwa kutaka twahara: sharia haimtaki mgonjwa ajidhuru, nayo imempa ruhusa palipo na madhara. Asitie mafuta wala majani. Kisha aende hospitali siku ile ile akachomwe sindano, azimalize zote kwa siku zake. Dawa hii ilianza kwa Louis Pasteur kule Ufaransa mwaka 1885, alipomtibu mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Kombe na dua havikatazwi, ila visimcheleweshe mtu njiani; kwani mgonjwa akisha kuogopa maji, ni nadra mno kupona.

Na watoto wasikaripiwe kwa kuguswa na mbwa. Mtoto aogopaye fimbo ya chuoni kwa ajili ya najisi hulificha jeraha lake, na ugonjwa huu huweza kukaa kimya wiki nyingi, hata miezi. Mwalimu na amwulize kwanza ameumwa wapi na lini. Habari ya kanzu iliyorambwa ije baadaye.

Wallahu aalamu.