Mnada na Sekunde ya Mwisho: Je, Kunyamaza ni Hila?



Kijana mmoja wa Mji Mkongwe wa Unguja aliniletea swali ambalo mwanzoni nililiona dogo. Alikuwa akitafuta kamera iliyokwisha tumika ili aanze kazi ya kupiga picha za harusi. Akaiona katika mnada wa intaneti, na ndugu yake aliyeko Uingereza akakubali kumnunulia. Kwa muda wa siku sita hawakutaja bei yoyote. Siku ya saba, zilipobaki sekunde tano mnada ufungwe, ndipo walipotia bei yao, na wengine hawakuwahi kujibu. Kamera ikawa yao. Mama yake aliposikia habari hiyo alimwambia, "Mwanangu, hiyo ni hila. Umewavizia wenzio." Kijana akafadhaika, akaja kuniuliza: Je, mali hii ni halali kwangu?

Nilimwomba anipe muda wa kufikiri, kwani niliona kwamba swali lake linamhusu kila mwenye kuuza na kununua. Je, mtu analazimika kuidhihirisha nia yake mapema, au anaweza kuinyamazia mpaka mwisho bila ya kuwa mdanganyifu?

Yafaa kwanza tutazame mnada tunaoufahamu. Mtu aliyezoea masoko ya samaki ya Unguja, mjini au katika pwani za Mkokotoni na Nungwi vyombo vinaporudi, anajua jinsi samaki wanavyonadiwa. Nguru au fungu la changu huwekwa chini mbele ya watu. Dalali hutaja bei ya kuanzia, na wachuuzi huipandisha mmoja baada ya mwingine, huyu kwa sauti, yule kwa kutikisa kichwa tu. Bei inaposimama, dalali huirudia tena na tena huku akiwatazama watu nyusoni, aone kama yuko wa kuongeza. Hata hapo wamo wanaonyamaza. Mchuuzi mzoefu hutazama upande mwingine kana kwamba hana haja, na wenzake wanapochoka ndipo anapofungua kinywa. Lakini akisha kuongeza, mwenziwe bado anayo nafasi ya kumjibu. Mnada wa namna hii haumalizwi na saa. Humalizwa pale ambapo hakuna tena anayetaka kuongeza.

Desturi hii inao mfano mtukufu. Imepokelewa kutoka kwa Hadhrat Anas r.a. kwamba mtu mmoja katika Ansari alikwenda kwa Mtukufu Mtume s.a.w. kuomba msaada, naye hakuwa na kitu nyumbani ila nguo moja nzito na bakuli. Mtukufu Mtume s.a.w. akavinadi vitu hivyo mbele ya Masahaba. Mmoja akatoa dirhamu moja. Mtume akauliza zaidi ya mara moja kama yupo wa kuongeza, na mwingine akatoa dirhamu mbili, akapewa. Kwa dirhamu moja yule maskini aliambiwa awanunulie watu wake chakula, na kwa ile ya pili anunue shoka akakate kuni. Basi hapana budi ifahamike kwamba kuuza kwa kushindanisha bei si haramu, na kwamba mwenye kunadi aliwapa watu nafasi ya kuongeza kabla ya kufunga. Ile dirhamu ya pili, iliyopatikana kwa kuuliza tena, ndiyo iliyonunua shoka.

Mnada wa intaneti unayo desturi nyingine. Soko mashuhuri la aina hii, eBay, lilianzishwa na Pierre Omidyar nchini Marekani mwaka 1995. Katika minada yake kila kitu huwekewa siku na saa ya kufungwa, na saa hiyo ikifika, mlango umefungwa. Mnunuzi huuambia mtambo kiwango chake cha juu kwa siri, nao humpandishia bei kidogo kidogo, kiasi cha kumpita mwenziwe tu. Ikiwa mmoja ameweka shilingi 200,000 na mwingine 150,000, yule wa kwanza hatatozwa 200,000, bali kiasi kidogo tu juu ya 150,000.

Msomaji atauliza: Ikiwa mtambo unamtunzia mtu siri yake, kwa nini angoje sekunde ya mwisho? Jibu lamo ndani ya moyo wa mwanadamu. Watu wengi hawaendi mnadani na bei moja thabiti. Mtu huandika 100,000, akiona amepitwa huandika 120,000, kisha 140,000, si kwa sababu kitu kimeongezeka thamani, bali kwa sababu hapendi kushindwa. Anayengoja mpaka mwisho anakusudia asiuwashe moto huo.

Tena jambo hili si geni duniani. Huko London katika karne ya 17 walikuwa wakiuza merikebu na bidhaa kwa mnada wa mshumaa: kipande cha mshumaa kiliwashwa, na aliyetaja bei ya mwisho kabla ya moto kuzimika ndiye aliyepata. Samuel Pepys aliandika katika kumbukumbu zake za mwaka 1662 kwamba alimwona mtu mmoja aliyekuwa na uhakika wa kusema mwisho kila mara. Alipomwuliza siri yake, mtu huyo alimwambia kwamba mshumaa unapokaribia kuzimika, moshi wake hushuka chini. Wengine walitazama mwali, naye akatazama moshi.

Je, mtu huyo alikuwa mwizi? Sioni hivyo. Alitumia macho yake mbele ya mshumaa ambao kila mtu aliuona. Vivyo hivyo kijana wetu. Saa ya kufungwa ilitangazwa tangu siku ya kwanza, na kila mmoja alikuwa huru kuandika kiwango chake kamili mapema. Aliyeandika kile alichoweza kweli kukitoa, basi aliyekuja sekunde ya mwisho hawezi kumshinda ila kwa kutoa zaidi yake, na hapo hakuna dhuluma. Muuzaji naye aliichagua sheria hiyo kwa hiari yake. Kurani Tukufu, katika Sura An-Nisaa, imeruhusu biashara iliyo ya kuridhiana na imekataza kula mali kwa njia ya batili. Kunyamazia kiasi kilichomo katika mkoba wako si batili. Mkoba ni wako na nia ni yako.

Lakini, ndugu msomaji, tusifurahi upesi. Uko ukimya wa namna nyingine, na hapo ndipo maneno ya mama yule yanapopata nguvu.

Kwanza, ni ukimya wa njama. Wachuuzi watano wakikubaliana usiku kwamba kesho asiongeze mtu juu ya bei fulani, kisha wagawane samaki nyuma ya soko, hawajatumia akili bali wamemnyang'anya mvuvi. Yeye amekesha baharini, ameunguza mafuta, amenunua barafu, wala hawezi kuwarudisha samaki nyumbani akangoja wiki ijayo. Ukimya wa mtu mmoja unamwachia mvuvi wanunuzi wengine. Ukimya uliopangwa unamwacha bila soko.

Pili, ni kinyume cha ukimya: bei ya uongo. Mtu anaongeza bila ya kutaka kununua, ili kumpandishia mwingine kwa faida ya mwenye mali. Mtukufu Mtume s.a.w. alikataza jambo hili waziwazi, nalo huitwa najashi. eBay nayo imelikataza, ingawa inaruhusu kutia bei katika sekunde ya mwisho. Hapo waona tofauti: anayenyamaza hajasema lolote lisilo kweli, bali mwenye bei ya bandia amesema uongo kwa tarakimu.

Tatu, ni ukimya unaokula amana. Juu ya hili sina budi kujitolea ushahidi mwenyewe.

Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha dini ng'ambo, nilikuwa na mwenzangu kutoka pwani ya Kenya. Usiku mmoja alinieleza kwa furaha kwamba ameona katika mnada wa intaneti toleo la zamani la kitabu cha Edward Steere cha kufundisha Kiswahili kama kinavyosemwa Unguja, kitabu kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1870. Akanitajia kiwango alichokwisha andika, pauni 40, maana hakuwa na zaidi. Mimi nami nilikitaka kitabu hicho, lakini sikumwambia. Usiku wa mwisho niliandika pauni 45, zikiwa zimebaki sekunde chache. Nikakipata kwa pauni 41.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilifuata sheria ya mnada. Ni kweli, niliifuata. Hata kama ningeandika bei ile siku tatu kabla, yeye asingekuwa na la kuongeza. Kwa hiyo kosa langu halikuwa sekunde ya mwisho. Kosa lilikuwa zile pauni 40 nilizozijua kwa sababu rafiki aliniamini. Sekunde ya mwisho ilinisaidia kujificha tu. Kitabu kile nilikifungua mara chache, na sikuweza kukisoma mbele yake.

Baada ya miezi nilimpelekea nikamweleza yote. Hakukasirika kama nilivyotazamia. Alisema, "Ungeniambia tu kwamba nawe unakitaka, tungezungumza." Kisha akakipokea, akanilipa pauni zake 40, akakataa kunisikiliza nilipotaka kumpa bure. Ile pauni moja iliyopotea ndiyo karo ndogo kuliko zote nilizolipa katika masomo yangu, na somo lake halijanitoka.

Basi hiki hapa kipimo ninachompa kila anayeuliza. Usiulize, "Je, nilisema mapema au mwishoni?" Uliza, "Je, naweza kumweleza niliyemshinda jinsi nilivyomshinda, bila ya kuona haya?" Kijana wa kamera anaweza. Atasema, "Nilijua bei yangu, nikangoja, nikaitaja." Mimi sikuweza. Wachuuzi wa njama hawawezi, na mwenye bei ya uongo hawezi.

Ziko nasaha mbili zaidi. Ya kwanza ni kwa mnunuzi. Kabla ya kuingia mnadani, andika katika karatasi kiasi ambacho kitu hicho kina thamani kwako, kisha usikipite. Sekunde ya mwisho ina ulevi wake, na wengi wameamka asubuhi wakiwa na kitu wasichokihitaji na deni wasiloliweza. Mwenye karatasi yake akishindwa, hakupoteza kitu, maana kile kilichouzwa zaidi ya hapo hakikuwa cha thamani hiyo kwake.

Ya pili ni kwa mwenye kuendesha mnada. Wataalamu wawili, Alvin Roth na Axel Ockenfels, walichapisha mwaka 2002 utafiti uliolinganisha minada ya eBay na ile iliyokuwa ikiendeshwa wakati huo na Amazon. Katika hii ya pili, mtu akitia bei karibu na mwisho, muda ulirefushwa hata zipite dakika kumi bila ya nyongeza. Wakaona kwamba kuvizia sekunde za mwisho kulikuwa kwingi zaidi eBay, palipokuwa na saa isiyosogea. Watu ni wale wale. Sheria ndiyo iliyotofautiana. Leo mnada wa mtambo umefika kwetu pia. Mnada wa chai wa Afrika Mashariki, ulioanza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969, siku hizi huendeshwa kwa kompyuta, na vitu vidogo hunadiwa hata katika makundi ya simu. Basi ukipewa kazi ya kunadi, hata kama ni kuku wa mchango wa madrasa, tangaza tangu mwanzo kwamba nyongeza ya mwisho itapewa muda wa kujibiwa. Dalali wa samaki hufanya hivyo kwa macho yake. Nawe waweza kufanya kwa saa yako. Pengine muuzaji wako ni maskini, na nyongeza hiyo ndiyo itakayomnunulia shoka.

Kijana nilimjibu kwamba kamera ni halali kwake, aifanyie kazi kwa uaminifu. Nikamwomba pia asimwone mama yake kuwa hajui mambo ya kisasa. Hakuijua sheria ya mnada ule, lakini aliuliza habari za wale walioshindwa, na hilo ndilo swali ambalo mshindi husahau kuuliza.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuuza na kununua kwa namna tusiyoona haya kuieleza. Amin.