Injini Iliyohukumiwa Bila Kosa

Jirani yangu ni mwalimu mstaafu. Hapa Gisimenti, Kigali, tunamwita Mwalimu tu. Alipostaafu alinunua RAV4 ya 1999 ili imsaidie kuishi: anapokea wageni uwanja wa ndege wa Kanombe, si mbali na kwetu, na mara kwa mara anawapeleka Musanze wanaokwenda kuona sokwe. Nasimulia yaliyompata kwa ruhusa yake, maana yeye mwenyewe anataka kila mwenye gari la zamani ayasikie.

Gari lilitoka Marekani likapitia bandari ya Dar es Salaam. Sisi Rwanda tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo tunatafuta magari yenye usukani wa kushoto, na mengi yanatoka Marekani, Dubai na Ulaya. Dashibodi ilisoma 241,000, na Mwalimu akadhani ni kilomita. Zilikuwa maili, yaani kilomita zipatazo 388,000. Muuzaji hakusema, naye hakuuliza. Waya za plagi zilizotembea kilomita hizo si za kuaminiwa tena, lakini nani angezichunguza wakati gari lilikuwa linawaka kwa mguso mmoja wa ufunguo?

Shida ilianzia Shyorongi. Ukishapita Nyabugogo na Giticyinyoni ukielekea Musanze, barabara inaanza kupanda, na inapanda kweli. Mwalimu alikuwa na abiria watatu na mabegi yao. Gari likaanza kuchoka. Alikanyaga mafuta hadi mwisho wa pedali na mlio ukabaki uleule, mzito, kama mtu anayesema huku kaziba pua. Malori yaliyobeba mizigo yakawa nyuma yake yakipiga honi. Alifika, lakini kwa gia ya 2 sehemu kubwa ya mlima. Ajabu yake, alipotua Musanze na gari likapoa, lilirudi kuwa zuri kidogo. Mjini kwenye taa za barabarani lilitulia kwenye sailensa, yaani injini ikiwaka huku gari limesimama, bila kutetemeka hata kidogo.

Dalili hizo tatu zingetosha kumpa fundi makini pa kuanzia: gari linawaka vizuri na kutulia vizuri, linakosa nguvu likibebeshwa mzigo, na hali inazidi kadiri linavyopata moto. Mwalimu alizieleza zote kwenye gereji ya kwanza. Hazikuandikwa popote.

Fundi wa pale alikuwa kijana mwenye bidii, na sisemi alikuwa mwizi. Alichomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, haikuonyesha kosa lolote. Akabadilisha plagi. Akabadilisha filta ya mafuta, kisha pampu ya mafuta. Kila kipuri kilikuwa na maelezo yake ya kuridhisha na risiti yake. Mwalimu alikwishatoa faranga 190,000 na Shyorongi ilikuwa ileile. Ndipo kijana akatoa kipimo cha kompresheni, akafungua plagi zote, akapima silinda moja moja: 148, 151, 147, 150. Akafungua kitabu cha gari hilo kwenye simu yake. Kitabu kilitaka 178.

"Mwalimu," alisema, "injini imekwisha. Imetembea sana. Tukiifungua utatumia pesa nyingi kuliko kununua nyingine."

Nataka tusimame kwenye namba hizo nne, kwa sababu hapo ndipo kesi ilipoharibika. Kigali iko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi: kanieneo yake ni kama asilimia 85 tu ya ile ya Dar es Salaam au Mombasa. Injini isiyo na turbo inavuta hewa hiyohiyo nyepesi, na inachoikandamiza kitapungua kwa kiasi hicho. Chukua 178 ya kitabu, iliyopimwa usawa wa bahari, uipunguze kwa asilimia 15. Unapata kama 151. Injini ya Mwalimu, baada ya kilomita 388,000, ilikuwa inasoma karibu kabisa na inavyopaswa kusoma injini nzima katika mji huu.

Kuna jambo la pili ambalo namba zile zilikuwa zikilisema wazi hata bila hesabu ya mwinuko. Zilikuwa zimelingana. Injini iliyochoka kwa ringi au valvu mara nyingi haichoki kwa usawa. Utakuta silinda moja ina 150 na jirani yake 95. Na ukiwa na shaka, unamwaga kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na kupima tena: namba ikipanda sana, ringi ndizo zinazovujisha, isipopanda, tazama valvu au gasketi. Kijana hakufanya hivyo. Alilinganisha namba ya mlimani na kitabu cha pwani, akatoa hukumu.

Injini ya mtumba iligharimu faranga 1,100,000 pamoja na kazi. Ya zamani waliichukua kwa 150,000, na Mwalimu akaona wamemfanyia hisani. Waliposhusha injini moja na kupandisha nyingine walihamisha vitu vingi kutoka ya kwanza kwenda ya pili, kama ilivyo kawaida: waya za plagi zilezile, na bomba la moshi lilelile, lote, kuanzia mbele hadi nyuma.

Wakazunguka na gari Remera mara mbili, kupita karibu na uwanja wa Amahoro na kurudi. Kila mtu ndani ya gari alisema limekuwa jepesi. Mtu akishalipa milioni, hata kiti hukiona laini. Ijumaa iliyofuata Mwalimu alibeba wageni kwenda Musanze. Alipofika Shyorongi, mlio ule wa kuziba pua ukarudi. Aliniambia kwamba hakuhisi hasira. Alihisi miguu imemwisha nguvu. Gereji ilimjibu kuwa huenda hata injini hiyo ya mtumba ilikuwa imechoka, na wangeweza kumtafutia nyingine.

Aliyemwokoa ni mzee mmoja aliyefanya kazi ya magari Bukavu miaka mingi, aliyekuja kumtembelea binti yake mtaani kwetu. Ilikuwa Jumamosi jioni, barabara ya Gisimenti imefungwa kwa magari kama ilivyokuwa desturi ya mwisho wa wiki, watu wanatembea kwa miguu na moshi wa brosheti umejaa hewani. Gari lilikuwa uani. Mzee hakufungua boneti kwanza. Alikaa juu ya kreti la soda akamwuliza Mwalimu maswali kama daktari: linachoka likiwa la baridi au la moto? Ukipanda au hata kwenye tambarare? Limewahi kumisi?

Swali hilo la mwisho lilimfanya Mwalimu anyamaze. Ndiyo, wakati wa mvua zilizopita lilikuwa likimisi asubuhi, na taa ya injini ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Kijana mmoja mwenye mashine aliifuta kwa faranga 5,000. Kiangazi kilipofika kumisi kukaacha, naye akasahau.

Taa inayowaka moja kwa moja inakwambia kuna kosa la kuchunguzwa. Inayopepesa inakwambia usimamishe kinachoendelea sasa hivi, kwa sababu kuna silinda haichomi petroli yake. Petroli hiyo mbichi inatoka na moshi na kwenda kuungulia ndani ya kichujio cha moshi, kile ambacho mafundi wa Tanzania wanakiita masega kwa sababu ya vitundu vyake. Masega yanafanya kazi kwa joto la nyuzi mia kadhaa. Yakilishwa petroli mbichi yanaweza kupita nyuzi 1,000, na vitundu vinayeyuka na kushikamana. Kufuta taa ile kulikuwa kufuta ushahidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na waya wa plagi ulikuwa ufa mdogo sana.

Mzee alituma mtu nyumbani kwa binti yake amletee mfuko wa vifaa. Alitoa mita ndogo ya mviringo yenye bomba la mpira, akachomeka bomba hilo kwenye njia ya hewa ya injini. Ni mita ya kupima mvuto wa hewa, ambayo pwani husoma kati ya 17 na 21 injini ikiwa nzima kwenye sailensa. "Huku unatoa tano," alisema, bila kitabu. Ilisoma 15, mshale umetulia tuli. Akamwambia Mwalimu akanyage mafuta taratibu hadi mizunguko 2,500 na ashikilie hapohapo.

Sote tuliinama kuutazama mshale. Ulipanda kidogo. Kisha, bila mguu wa Mwalimu kusogea, ukaanza kushuka: 13, 11, 9. Ulikuwa unashuka polepole kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Ulipofika 7 mzee aliinua mkono.

"Hii moteri iko muzuri," alisema. "Inanyimwa pumuzi."

Akaacha bomba la moshi lipoe, akafungua sensa ya mbele ya bomba hilo, na kwenye tundu lake akafunga mita nyingine, ya shinikizo. Kwa mizunguko 2,500 haipaswi kuzidi 3 hivi. Ilipita 8. Moshi ulikuwa unatengenezwa na hauna pa kutokea, na injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuvuta nyingine. Giza lilipoingia alichukua chupa ya kunyunyizia nguo maji, akanyunyiza kidogo juu ya waya za plagi huku injini ikiunguruma. Kwenye waya wa silinda ya 3 tuliona cheche za buluu zikiruka kwenda kwenye chuma, nyembamba kama uzi. Kazi yote, pamoja na kusubiri bomba lipoe, ilichukua muda mfupi kuliko mechi ya mpira.

Gari lilipona kwa kununua masega mapya na seti ya waya. Watu wawili walimshauri Mwalimu akate tu masega na kuchomelea bomba tupu, na mmoja wao alijitolea kuyachukua yale ya zamani bure. Ndani ya masega mna platini, paladi na rodi, madini ya thamani, na huo ndio ukarimu wenyewe. Mwalimu alikataa, nami namheshimu kwa hilo. Moshi unapimwa kwenye ukaguzi wa magari, lakini hata usingepimwa, watoto wa mtaa huu wanatembea kwenda shuleni pua zao zikiwa usawa wa mabomba ya moshi.

Ndugu msomaji mwenye gari la zamani, fundi akikwambia injini imekwisha, mwombe akuonyeshe namba, kisha mwulize namba hiyo ni ya Kigali au ya pwani. Mwulize kama amepima gari linavyotoa moshi, si linavyoingiza mafuta tu. Mwambie tatizo lilianza lini, gari likiwa na joto gani, kwenye mlima gani, na usimfiche taa uliyoifuta. Fundi mwema hatachukia maswali haya. Anayechukia, chukua ufunguo wako.

Mwezi uliopita Mwalimu alipita kwenye gereji ile kuuliza injini yake ya zamani. Walikuwa wameiuza. Imefungwa kwenye gari la mtu wa Rwamagana, bila kufunguliwa hata bolti moja, na mwenye gari anasema inavuta vizuri.