Mti wa Kando ya Barabara ni wa Nani?

Somo: Luka 19:1-10

Habari za Zakayo tumehubiriwa mara nyingi: ufupi wake, mali yake, toba yake. Mti wake huwa tunaupita tu. Lakini Luka anatuambia ulikuwa mkuyu, tena kwenye njia ambayo Yesu angepitia. Mkuyu si mgeni kwetu, ndio huu huu unaoota kando ya mito ya Kenya. Sasa, ule wa Yeriko ulikuwa wa nani? Biblia haisemi. Wote waliopita na shoka miaka yote ile wakauacha hawakujua kwamba siku moja mtoza ushuru mfupi angehitaji tawi.

Nauliza kwa sababu kuna mugumo mbele ya kanisa letu, na kuna pendekezo ukatwe.

Wengine wanasema unaficha bango letu. Hapo sina maneno mengi: bango lina miguu miwili ya chuma, linaweza kuhamishwa. Akina mama wanaotoka kesha wanasema pale chini panaficha wezi, na hao nawasikiliza. Lakini mwizi hajifichi juu ya mugumo, anajificha ndani ya lantana, ambayo hata si ya kwetu, asili yake ni bara la Amerika. Hiyo ifyekwe yote. Matawi ya chini yapunguzwe mpaka mtu aione kona vizuri. Mti wenyewe ubaki, maana mizizi yake ndiyo inayoshika ule ukingo wakati wa masika.

Kuna sababu nyingine, na hiyo inasemwa kwa sauti ya chini: ati ni mti wa mizimu, wazee wa kale walifanyia matambiko chini ya mugumo, na Gideoni naye alikata. Ni kweli Gideoni alikata (Waamuzi 6). Lakini alichokata ni Ashera, kitu kilichosimamishwa na watu ili kiabudiwe. Mugumo wetu uliletwa na ndege aliyekula tunda mahali pengine akaja akaangusha mbegu hapa. Hakuna mtu anayeusujudia. Wanaokaa chini yake ni mama mboga na vijana wa bodaboda wakingoja abiria. Ibrahimu alipanda mti Beer-sheba akaliitia jina la Bwana palepale (Mwanzo 21:33), na sijasikia mhubiri akisema alikosea. Tukimpa shetani kila mti uliowahi kuombewa vibaya, tutambakizia Mungu nini? Mierezi ya Lebanoni pekee?

Linalonisumbua zaidi ni hili neno, “si wa mtu.” Shambani kwako huwezi kukata mti bila kufikiri, maana watoto watakuuliza. Ukanda wa barabara ni wa umma, kwa hiyo tunaona kama hauna mwenyewe, na mwenye msumeno anajifanya ndiye mwenyewe. Mfalme Daudi hakuona hivyo. Alikuwa na ofisa wa kusimamia mizeituni na mikuyu ya nchi ya chini, na jina lake limeandikwa (1 Nyakati 27:28). Mwaka wa 2020 pale Waiyaki Way, Westlands, mugumo wa kama miaka 100 ulikuwa karibu kung’olewa kupisha barabara mpya. Watu wakapaza sauti, na Novemba Rais akaamuru ubaki. Barabara ilijengwa, na mti ukaachwa. Miti mingine mingi ya barabara hiyo ilienda kimyakimya, haikuwa na wa kuitetea.

Anayetembea kwa miguu saa saba mchana, akiwa na mtoto mgongoni na kilomita mbili mbele yake, hana jina kwetu. Huenda hata si wa kanisa letu. Kivuli kile ni chake kama kilivyo changu, na mimi sioni ni kwa haki gani tumnyang’anye ili bango lionekane.

Wazee wanakutana Jumanne baada ya maombi, mwenye neno aje aliseme. Jumamosi vijana waje na mapanga kwa ajili ya lantana. Na koleo pia, tafadhali: ule mugumo bado una misumari ya bango la krusedi ya mwaka juzi.