Rakaa Mbili Córdoba

Niliingia Córdoba kutoka kusini, kwa daraja la Kirumi juu ya mto Guadalquivir, nikiikokota baiskeli kwa jinsi watu walivyojaa. Adhuhuri imeshaingia, shati limeganda mgongoni. Ng'ambo ulikuwa msikiti alioanza kuujenga Abdurrahman wa Kwanza karne ya 8. Tangu 1236 ni kanisa, na Waislamu hawaruhusiwi kusali humo.

Nikasali kivulini, kando ya mto, rakaa mbili badala ya nne, kwa ruhusa ya msafiri. Je, nilistahiki? Sikuwa nakwenda kuhiji wala kuzika. Nilikuwa natembea peke yangu kwa raha zangu. Ibn Rushd, kadhi aliyezaliwa mji huohuo mwaka 1126, ameieleza khitilafu ya wanachuoni juu ya jambo hili katika kitabu chake Bidayat al-Mujtahid: wapo wanaopunguza sala katika safari ya ibada tu, Malik na Shafii katika safari yoyote ya halali, Abu Hanifa hata katika safari ya maasi. Sisi wa pwani ni Mashafii, basi nimepona. Ila kama ruhusa hii chanzo chake ni mashaka, mashaka ya kujitakia yamo? Kile kilima cha mwisho nilikichagua mwenyewe, na njia ya tambarare ilikuwapo. Nionavyo yamo: mapaja yaliuma vilevile.