Umeme Unapokwama kwa Jirani

Juma hili tunatafakari agizo la Bwana la kuiacha sadaka mbele ya madhabahu ili tukapatane kwanza na ndugu (Mathayo 5:23-24). Kazi moja ya wahandisi imenisaidia kulielewa.

Mwaka 1987 iligunduliwa kauri ya itriamu, bariamu, shaba na oksijeni. Ikipozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, hupitisha umeme bila upotevu. Kumbe kuifanya waya ni shughuli. Kauri hiyo ni fuwele ndogo ndogo zilizoshikana. Kila moja peke yake ni njema, lakini jirani wawili wakitofautiana mwelekeo kwa zaidi ya nyuzi 10 hivi, umeme mwingi hukwama mpakani mwao.

Nikisoma hayo naziona nyumba zetu. Baba mwema, mama mwema, rozari kila jioni. Ila kwenye mpaka wa shamba, au kwenye mirathi, upendo haupiti.

Mwaka 1996 watafiti wa Oak Ridge, Marekani, walionyesha njia: wakaanza na kile kinachobeba fuwele. Nikeli, madini tuliyonayo Kabanga kule Ngara, hupitishwa kati ya rola mara nyingi mpaka zaidi ya asilimia 95 ya unene wake iishe. Kisha huingia tanurini, karibu nyuzi 1,000, ndani ya gesi inayozuia kutu. Humo chembe zilizopondeka hutoweka, huzaliwa mpya zilizoelekea upande mmoja. Kisha nikeli hiyo hupakwa tabaka jembamba la kuizuia isiichafue kauri, nalo hufuata mwelekeo uleule. Ndipo kauri huoteshwa juu, ikafuata kilicho chini yake. Kinachoshangaza ni kwamba hakuna fuwele inayonyooshwa moja moja kwa mkono.

Kwamba wema wa mmoja hautoshi jirani asipoelekea upande uleule, wazee wa Kondoa wanalijua kwa jasho. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulipoanza mwaka 1973, tuta la kontua la mtu mmoja lilibomoka ikiwa jirani wa juu ameyaachia maji. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye kilomita za mraba 1,256 ili ardhi ipone. Ilikuwa adha kubwa, maziwa yakaadimika. Lakini nyasi na miti vilirudi kwenye makorongo.

Basi kabla ya Jumapili, mwenye neno na jirani wa shamba amwendee. Anayeona uzito peke yake amwambie katekista au mwenyekiti wa jumuiya, wamsindikize. Nikiitwa, nami nitakuja.