Gitaa Halina Cheti cha Kuzaliwa

Tuulizane, vijana wenzangu. Mtu akitamka jambo asilolijua, halafu jambo lenyewe likaja kuwa kweli, je, mtu huyo amesema kweli? Au amebahatisha tu, kama anayerusha jiwe gizani likampata mwizi?

Najua wapo watakaosema haya ni maswali ya watu wa Chuo Kikuu, watu waliokwisha kula wakashiba. Sivyo. Swali hili lilipiga hodi nyumbani kwetu Kinondoni likidai ada ya shule.

Baba yangu mdogo alikuwa mpiga gitaa. Si wa jina kubwa; alipigia bendi ndogondogo za Morogoro, kisha za hapa Dar. Alipofariki aliacha mambo mawili: binti aliyekuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, na gitaa. Gitaa lenyewe ni la umeme, tumbo lake lina uwazi ndani, na kichwani halina jina. Yapo matundu mawili madogo palipokuwa na nembo, lakini nembo hakuna. Funguo za kukazia nyuzi ni sita, tatu za aina moja na tatu za aina nyingine. Tulipokuwa watoto tukimwuliza kalitoa wapi, alikuwa akijibu, “Nimerithishwa,” halafu anacheka.

Kicheko kile ndicho kilichozaa maneno. Mtaani ikajulikana kwamba gitaa lile lilikuwa la Mbaraka Mwinshehe. Wazee wanamkumbuka Mbaraka wa Morogoro Jazz, baadaye Super Volcano, aliyefariki kwa ajali ya gari huko Kenya, karibu na Mombasa, Januari 1979. Baba mdogo alikuwa wa Morogoro, Mbaraka alikuwa wa Morogoro, basi hesabu ikafungwa.

Akatokea bwana mmoja anayenunua vitu vya kale. Akaligeuzageuza, akasema: kama lilivyo, laki nne. Likiwa na karatasi ya familia iliyotiwa sahihi kwamba lilikuwa la Mbaraka, milioni mbili na nusu. “Karatasi tu,” alisema. “Si mnaye kijana wenu anayeandika?”

Kijana mwenyewe ndiye mimi. Ukoo mzima ulinigeukia.

Niliomba wiki mbili. Nilitaka kujua kama gitaa linaweza kujisemea lenyewe kabla sijalisemea mimi. Nikaanza kusoma na kuuliza, na nikagundua kwamba kulipa gitaa la kale tarehe ni kazi inayofanana sana na ya hakimu.

Shahidi wa kwanza ni namba. Lakini namba nazo zina tabia kama watu. Kampuni ya Martin ya Marekani imekuwa ikiyahesabu magitaa yake kwa mfululizo tangu 1898, hivyo ukiwa na namba unao na mwaka. Gibson nayo, katika miaka ya 1960, ilirudia namba zilezile katika miaka tofauti, hata namba moja ikaweza kuangukia magitaa mawili yasiyojuana. Namba peke yake haitoshi. Na letu halikuwa na namba yoyote kwa nje.

Shahidi wa pili ni nchi. Mara nyingi chombo hupigwa mhuri wa kule kilikotoka. Kumbe nchi nazo huzaliwa na kufa! Gitaa lililoandikwa kwamba limetengenezwa Chekoslovakia tunajua ni la baada ya 1918, na si la baada ya 1992, maana nchi hiyo iligawanyika usiku wa mwaka mpya wa 1993. Tena ipo karakana ya Höfner. Ilianzishwa 1887 katika mji wa Schönbach, mji uliokuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria, ukawa wa Chekoslovakia, ukachukuliwa na Ujerumani 1938, ukarudishwa Chekoslovakia 1945, na leo unaitwa Luby, katika Jamhuri ya Cheki. Mafundi wake Wajerumani walifukuzwa baada ya vita, wengi wakahamia Bubenreuth, Ujerumani ya Magharibi, wakaendelea na kazi ileile. Sasa niambie, asili ya gitaa lao ni wapi? Ni mji, ni bendera, au ni mikono?

Shahidi wa tatu ni mbao. Watu wetu wakiona mbao nyeusi kwenye shingo husema papo hapo, “Mpingo huo!” Mbao nyeusi ziko nyingi duniani, na nyingine zimepakwa rangi tu. Mbao ya kifuniko, ile nyeupe yenye mistari, husema zaidi. Ipo fidla maarufu katika jumba la makumbusho la Ashmolean, Oxford, yenye karatasi ndani inayosema iliundwa na Stradivari mwaka 1716. Wataalamu walibishana: ni yake kweli? Wakahesabu pete za mti katika mbao yake, wakakuta pete ya mwisho ni ya miaka ya 1680. Maana yake mti ule ulikuwa bado umesimama wakati huo, na mbao haipingani na 1716. Lakini haitaji mkono wa mtu. Mti unajua ulikatwa baada ya lini. Haujui nani aliuchonga.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Karibu kila ushahidi wa kitu cha kale unasema sentensi moja: “Si kabla ya hapa.” Skrubu ya nyota, kwa mfano, ilianza kuenea miaka ya 1930. Ukiikuta kwenye gitaa, na kama ni ya tangu mwanzo, basi gitaa si la 1910. Kila sentensi ina “kama” yake.

Nikalipeleka gitaa kwa fundi wa redio Kariakoo. Alilifungua polepole, kama mtu anayemvua mgonjwa shati. Mgongoni mwa kidude cha volyumu palikuwa na namba: 1378103. Namba za aina hii zina kanuni yake: 137 ni kiwanda cha CTS cha Marekani, 81 ni mwaka 1981, na 03 ni wiki ya tatu. Moyo wangu ukapiga. Mbaraka alifariki 1979! Kesi imekwisha!

Haikwisha. Fundi alinisogezea taa. “Tazama lehemu hii,” alisema. “Iko mara mbili. Ya juu inang'aa, ya chini imechakaa.” Yaani kidude kile huenda kilibadilishwa. Gitaa lingeweza kuwa la zamani zaidi, na moyo wake ni wa 1981. Kwa hiyo hakuna kilichothibitisha kwamba lilikuwa la Mbaraka, na hakuna kilichokanusha moja kwa moja.

Yule mnunuzi alipopata habari alifurahi kupita kiasi. “Umeona? Hakuna mtu duniani atakayeweza kukubishia.”

Shangazi yangu, dada yake marehemu, alikuwa na hoja bora kuliko zake. Akaniita jikoni, akasema kwa upole: “Baba, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Huenda ni kweli. Na huyu bwana ni tajiri, hataumia. Mtoto wa kaka yangu anaumia leo. Uongo gani huo unaomsomesha yatima?”

Ndugu msomaji, usizidharau hoja hizi. Mimi sikuzidharau. Nilizikesha.

Hoja ya kwanza, kwamba huenda ni kweli. Naam, huenda. Lakini karatasi isingeandikwa “huenda”. Ingeandikwa “lilikuwa”. Kati ya maneno hayo mawili kuna pengo la milioni mbili na laki moja, na mimi ndiye niliyekuwa naombwa nilizibe kwa sahihi yangu. Kutobishiwa si sawa na kujua. Mtu anayesema “lilikuwa” huku moyoni anajua “huenda”, basi hata kama Mungu akijua kwamba lilikuwa, yeye amedanganya. Amedanganya juu ya kile anachokijua. Hilo ndilo jibu langu kwa swali nililoanza nalo.

Hoja ya pili, kwamba tajiri haumii. Hapa nitoe mfano. Mwaka 1999 gitaa aina ya Gallotone, lililotengenezwa Afrika Kusini, gitaa la bei ya chini kabisa, liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 150,000. Lilikuwa la John Lennon, alilolipiga kanisani Woolton tarehe 6 Julai 1957, siku aliyokutana na Paul McCartney. Aliyenunua hakununua mbao. Mbao zilezile angezipata kwa bei ya mchuzi. Alinunua ile siku. Sasa kama siku hiyo ingekuwa imetungwa, angekuwa amenunua nini? Amelipa akapewa hewa. Mtu kuwa na pesa nyingi hakumfanyi awe halali ya kuibiwa.

Lakini si tajiri aliyenikosesha usingizi. Ni baba mdogo.

Maana ukichunguza gitaa lile, chini ya nyuzi, upande wa kulia, rangi imelika pakawa na bonde dogo. Bonde lile ni la ukucha wake. Nililiona likichimbika, miaka na miaka, jioni baada ya jioni barazani. Kwa gitaa zima, jina tunalolijua kwa hakika ni moja tu: lake yeye. Tungeandika “Mbaraka”, tungemfuta mwenye ukucha, akawa mlinzi tu wa mali ya mtu mkubwa. Kwa ajili ya jina tusilolijua tungelitupa jina tunalolijua. Wakati mwingine uongo haumdhulumu anayedanganywa peke yake. Humdhulumu pia yule ambaye ukweli ulikuwa wake.

Nasi tunaotunga hadithi, je? Kwani si sisi tunaoua na kufufua watu kwa kalamu? Mnunuzi alinichokonoa hapohapo: “Wewe kazi yako si kutunga?” Kazi yangu ni kutunga, ndiyo. Lakini bibi alipotaka kututungia alisema kwanza, “Paukwa!” Na sisi tukajibu, “Pakawa!” Huo ulikuwa mkataba. Tulikubali kwa midomo yetu kwamba tunaingia mahali ambapo sungura husema. Hakuna “paukwa” juu ya hati ya mauziano. Tofauti ya mtunzi na tapeli si kipaji. Wapo matapeli wenye vipaji kutushinda. Tofauti ni kwamba mtunzi hubisha hodi kabla ya kuingia.

Basi niliandika karatasi, maana nilitumwa kuandika. Nikaipa sehemu tatu: tulichokiona, tunachoambiwa, na tusichokijua. Katika ya kwanza niliweka namba ya volyumu, lehemu mara mbili, funguo za aina mbili na bonde la ukucha pamoja na jina la mwenye ukucha. Katika ya pili nikaweka maneno ya mtaani, nikaeleza kwamba ni ya mtaani. Ya tatu ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote.

Mnunuzi aliisoma, akacheka, akaondoka. Hata zile laki nne hakuzitoa. Mdogo wangu hakuingia chuo mwaka ule. Aliingia mwaka uliofuata, baada ya ukoo kuchangishana. Mwaka mzima alikaa nyumbani akiuza maandazi. Sitasema mwaka ule haukuwa na bei, na shangazi hajaacha kunikumbusha nani aliyeilipa. Ana haki ya kukumbusha. Ukweli ninaousifu mimi uligharimiwa na mtu mwingine, na anayesifu ukweli bila kutaja hilo naye anaficha sehemu ya hesabu.

Hata hivyo nashikilia msimamo wangu. Mtaani kwetu kila mtu anatafutiwa asili kubwa: huyu babu yake alikuwa chifu, yule nasaba yake ni ya Uarabuni, na gitaa bovu lazima liwe la nyota. Ni kana kwamba kitu au mtu hana thamani mpaka apachikwe jina la mwingine. Nasi vijana wa kalamu ndio tunaoombwa kuandika vyeti hivyo. Tukiombwa, tuandike kile jicho lilichokiona, tufike pale ushahidi ulipokomea, tuweke nukta. Neno “sijui” ni la Kiswahili fasaha, na halijawahi kumchafua mwandishi yeyote.